Bomet Kabla ya Masika: Kalvati, Stima na Silanga

Kalvati haina sifa. Ni nadra mwanasiasa kupigiwa vigelegele kwa kuzindua bomba la saruji la sentimita 60 lililozikwa chini ya barabara ya changarawe. Lakini anayetaka kujua kama lori la majani chai litafika kiwandani katikati ya Aprili asiangalie lami iliyowekwa juzi mjini. Ashuke mtaroni, ainame, achungulie ndani ya bomba hilo. Mara nyingi atakuta nusu yake imejaa udongo mwekundu, majani ya mkaratusi yaliyooza, vijiti vya chai iliyopogolewa na chupa mbili tatu za plastiki. Upande wa juu maji yametuama. Upande wa chini, yanakotokea, udongo umeliwa mpaka bomba limebaki likining'inia kama jino la mwisho la mzee. Juu, barabara inaonekana nzima kabisa. Bodaboda inapita, matatu inapita, na hakuna anayejua kwamba kinachobeba gurudumu pale ukingoni ni tabaka la udongo lenye unene wa kiganja.

Mazungumzo ya mabadiliko ya tabianchi huwa yanaanzia mbali: barafu inayoyeyuka, mikutano ya marais, mabilioni ya dola. Kwa mkazi wa Konoin, Sotik au Chepalungu, katika kaunti ya Bomet nchini Kenya, yanaanzia hapo kwenye kalvati, na ndipo ushauri huu unapoanzia pia.

Jambo lenyewe si gumu kulielewa. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja ya Selsiasi hubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na siku ya kuumwaga huumwaga kwa kishindo. Mwaka unaweza kuisha kiasi cha mvua kikiwa ni kilekile cha zamani, lakini kimeshuka kwa siku chache na kwa nguvu zaidi, huku vipindi vya ukavu vikirefuka katikati. Kenya imeuona mtindo huo kwa macho. Kuanzia mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua ilifuatana ikifeli kaskazini na mashariki mwa nchi. Kabla watu hawajapumua, mvua za El Niño za Oktoba hadi Desemba 2023 zikaja. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walikadiria kwamba ongezeko la joto duniani lilizifanya mvua hizo katika Pembe ya Afrika kuwa nzito hadi mara mbili. Halafu ikafuata masika ya 2024, iliyoua zaidi ya watu 250 nchini na kuifanya serikali iahirishe ufunguzi wa shule wa muhula wa pili hadi Mei 13.

Sasa mtu akumbuke madaraja na kalvati vilipimwaje. Mhandisi hajengi kwa ajili ya kila mvua inayowezekana. Hupima mvua kubwa inayotarajiwa mara moja katika miaka 10, 25 au 50, kisha hujenga tundu la kuipitisha. Katika Afrika Mashariki, njia mojawapo iliyotumika sana kukadiria mafuriko ya vijito ilichapishwa mwaka 1976 na maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza, kwa vipimo vilivyochukuliwa katika mabonde madogo ya Kenya na Uganda. Ilikuwa kazi nzuri. Ila mvua iliyopimwa ni ya wakati ule, na vilima vilivyopimwa ni vya wakati ule, kabla mabati, lami na mashamba ya mahindi hayajaenea hivi. Bomba lililotosha wakati huo leo linapokea maji ya mvua nyingine na ya kilima kingine.

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba kinachobomoa barabara ni maji mengi peke yake. Kinachobomoa ni maji yaliyokosa njia.

Usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, kijiji cha Kamuchiri karibu na Mai Mahiu kilisombwa na wimbi la maji, matope na miti, na zaidi ya watu 50 wakafa. Taarifa za kwanza zilisema bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza kwamba maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli, kwa sababu njia yake chini ya reli ilikuwa imezibwa na matawi, mawe na udongo. Tuta likawa bwawa ambalo hakuna aliyelipanga, hakuna aliyelikagua, na lilipozidiwa likaachia kwa mara moja. Mkazi wa Bomet ana sababu ya kulitazama tukio hilo kama la nyumbani. Mai Mahiu ndipo barabara ya Narok inapochepukia, na hapo ndipo mabasi ya Bomet hupitia kwenda Nairobi. Barabara hiyohiyo ilikatika karibu na Suswa mnamo Machi 2018, mvua kubwa ilipoyasomba majivu ya kale ya volkano yaliyokuwa yamejaza ufa wa ardhini, na lami ikabaki bila kitu chini yake.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza ni wa miguu: kutembea. Wakazi wa kijiji kimoja, watano au sita wanatosha, watenge asubuhi moja mwezi wa Januari, jua likiwa kali, wafuate barabara yao kutoka kituo cha kununulia majani chai hadi inapokutana na lami. Kila maji yanapokatiza barabara, wasimame. Bomba ni zima au limepasuka? Maji yanaingia kwa uhuru au yamezibwa? Yakitoka yanaangukia kwenye mawe au kwenye udongo mtupu? Wapige picha, wakisimama mahali palepale pa kusimama tena mwaka ujao, na simu iwe imewashwa kuonyesha eneo. Picha mbili za kalvati moja, ya Januari na ya Mei, zina nguvu katika ofisi ya serikali kuliko hotuba ya saa nzima. Matembezi hayo yarudiwe mvua inaponyesha, kwa mwavuli na gambuti, maana mvua ndiyo inayoonyesha maji yanakotaka kupita, na mara nyingi siko mhandisi alikoyapangia.

Watagundua pia jambo ambalo huwaudhi wengi wakiambiwa: greda huweza kuharibu. Greda likipita mwaka baada ya mwaka bila kuongeza changarawe, hukwangua barabara mpaka ishuke chini ya mashamba yaliyo pembeni, na barabara yenyewe inageuka mtaro. Watu hushangilia barabara ilivyolainika kwa wiki tatu, halafu mvua moja inaichimba katikati. Barabara ya udongo inayodumu ina mgongo katikati, mitaro pande zote mbili, na vichepuko vya kutolea maji shambani kila baada ya hatua kadhaa. Wakazi wakiliona greda linakuja, swali la kumuuliza msimamizi ni maji yatatokea wapi. Kulainika kutakuja kwenyewe.

Mwenye shamba naye ana lake la kujibu. Ni yeye anayejaza udongo mtaroni ili gari lake liingie nyumbani, bila kuweka bomba chini. Ni yeye anayeelekeza maji ya shamba barabarani kwa sababu huko si kwake. Na ni yeye anayetupa vijiti vya kupogoa kwenye mfereji. Kazi ya kuzibua kalvati kabla ya masika inahitaji majembe, beleshi, wilbaro na nusu siku ya watu kumi. Kokwet, baraza la ujirani ambalo Wakipsigis wamelitumia tangu zamani kuamua mambo ya mipaka, njia na maji, ndicho chombo kinachofaa zaidi kuitisha siku hiyo. Hakuna tenda wala sahihi ya mtu yeyote inayohitajika ili tope litolewe kwenye bomba.

Kwa nini mkulima wa chai ajali kiasi hicho? Kwa sababu jani halingoji. Majani mawili na chipukizi yaliyochumwa asubuhi yanapaswa kufika kiwandani siku hiyohiyo. Yakibanwa kwenye gunia kando ya barabara huanza kupata moto. Mtu akiingiza mkono katikati ya gunia anausikia, kisha jani hugeuka jekundu na karani hulikataa. Inachukua kilo nne hadi tano za majani mabichi kupata kilo moja ya chai iliyotengenezwa, kwa hiyo lori moja lililokwama ni hasara ya familia nyingi kwa pamoja. Viwanda vya wakulima wadogo kama Kapkoros, Mogogosiek na Kapset viko juu ya vilima ambako mvua ni nyingi zaidi, na mvua nyingi ndiyo inayoleta majani mengi. Yaani barabara hufeli wiki zilezile zao linapokuwa tele. Wakulima wa kituo kimoja wakikubaliana mapema na kiwanda juu ya kituo mbadala, njia mbadala na saa ya mapema ya kupima majani siku za mvua, watakuwa wamejikinga zaidi ya wanaongoja lori litolewe tope kwa trekta.

Kuna utafiti wa zamani wa nyumbani ambao ungefaa kusomwa zaidi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, watafiti wa kilimo na misitu wa Afrika Mashariki walipima maji ya mabonde mawili jirani huko Kericho: Lagan, lililoachwa msitu, na Sambret, ambako sehemu ya msitu ilikatwa ikapandwa chai. Wakati wa kufyeka na kupanda, maji ya dhoruba yaliongezeka. Chai ilipofunga ardhi, na mashamba yakawa yamechorwa vizuri kwa mifereji ya kuzuia udongo, bonde la chai halikutofautiana sana na la msitu. Somo lake ni la kazi: ardhi iliyofunikwa na kukingwa hunywa maji, iliyoachwa wazi huyatema barabarani. Makinga maji ya fanya juu, nyasi za nepia kwenye kingo na mtaro unaopinda na kilima ni sehemu ya miundombinu ya umma ingawa viko ndani ya shamba la mtu. Kikosi kazi cha msitu wa Mau kilichoripoti mwaka 2009 kilikadiria kwamba msitu huo ulikuwa umepoteza takriban hekta 107,000, karibu robo yake, katika muda wa miongo miwili hivi. Nyangores na Amala, mito inayoungana kuzaa mto Mara, yote hutoka huko. Kwa hiyo mafuriko ya mto Mara nyanda za chini yana nduguye juu vilimani.

Maji ya kunywa ni habari nyingine, na hapa Bomet ni kama kaunti mbili. Juu, Konoin na upande wa Silibwet, kijito hakiko mbali. Chini, Chepalungu, kuelekea Sigor na Chebunyo, ng'ombe na mwanamke mwenye mtungi hugawana silanga moja, yaani bwawa dogo la kuchimbwa, na kiangazi kikirefuka maji yake hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Mji wenyewe wa Bomet umekaa kando ya Nyangores. Mto ukifurika hubeba tope ambalo huziba machujio na kuongeza gharama ya dawa. Mto ukikauka pampu hukosa cha kuvuta. Na stima ikipotea pampu husimama hata mto ukiwa umejaa. Mtu anayefungua bomba na kukuta hewa huilaumu kampuni ya maji, na pengine ana haki, lakini tatizo linaweza kuwa mti ulioangukia waya kilomita kumi kutoka hapo.

Nyumba haiwezi kurekebisha mtambo wa maji, ila inaweza kupunguza kuutegemea. Paa la mabati lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 6 hupokea lita 600 mvua ikinyesha milimita 10, mvua ya kawaida tu ya alasiri kwa vilima hivi. Ukitoa yanayomwagika, zinabaki kama lita 480. Tangi la lita 2,300 linaweza kujaa kwa alasiri tano za namna hiyo. Siri iko kwenye gata na kwenye maji ya kwanza: dakika chache za mwanzo zimebeba kinyesi cha ndege na vumbi, kwa hiyo kipande cha bomba cha kuyamwaga kando kabla hayajaingia tangini ni cha lazima. Maji hayo bado yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini kabla ya kunywa. Na baada ya mafuriko, chemchemi na kisima kilichofunikwa na maji ya juu visiaminiwe hata kama maji yanaonekana maangavu, kwa sababu vyoo vya shimo vya jirani navyo vilifurika.

Silanga inastahili tahadhari yake. Usiku wa Mei 9, 2018, bwawa la shamba binafsi huko Solai, Nakuru, lilipasuka likaua watu zaidi ya 45. Bwawa dogo huua kama kubwa ikiwa watu wamejenga chini yake. Anayeishi chini ya ukuta wa udongo azijue dalili: maji yanayopenya upande wa chini yakiwa machafu badala ya maangavu, nyufa za urefu juu ya ukuta, sehemu iliyobonyea, miti mikubwa iliyoota ukutani, ambayo mizizi yake huwa mabomba pindi inapooza, na tundu la kupunguzia maji lililozibwa na magugu, au likazibwa makusudi na mtu anayetaka kuweka maji mengi zaidi. Hilo la mwisho ndilo la hatari kuliko yote, na hutokea. Mamlaka ya Rasilimali za Maji ndiyo yenye jukumu la vibali vya mabwawa. Chifu na chama cha watumiaji maji cha bonde husika ndio milango ya karibu ya kupitishia taarifa. Dalili zikionekana mvua ikiwa inaendelea, watu wa chini wahamie juu usiku huo huo. Barua itaandikwa kesho.

Stima nayo ina uhusiano wa ajabu na mkaratusi. Mti huu umependwa Bomet kwa sababu zinazoeleweka: unakua haraka, viwanda vya chai hununua kuni zake, na nguzo za stima zenyewe hutokana nao. Lakini ukipandwa chini ya waya, upepo wa dhoruba moja unatosha kulaza kijiji gizani kwa siku kadhaa. Kanuni rahisi ni kwamba mti usipandwe mahali ambapo ukianguka kwa urefu wake wote utaugusa waya. Kando ya mto, sheria huacha ukanda usioguswa, ambao waweza kufika mita 30 kutegemea upana wa mto, na huko mkaratusi hauna ruhusa wala faida, kwa kuwa hunywa maji mengi na hauishiki kingo kama miti ya asili inavyoishika. Waya ukianguka, mtu asiusogelee wala kuusukuma kwa kijiti, hata kama nyumba zote hazina taa. Aripoti Kenya Power kwa namba 97771 na awazuie watoto na mifugo mpaka mafundi wafike.

Nchi nzima imewahi kuonja utegemezi huo. Mwaka 2000 ukame uliyashusha mabwawa ya mto Tana na Wakenya wakagawiwa stima kwa zamu. Tangu hapo jotoardhi ya Olkaria imechukua sehemu kubwa ya mzigo, lakini mtambo wa Sondu-Miriu wa megawati 60, unaokunywa maji ya mito ya Kericho na Bomet, hauna bwawa kubwa la akiba. Huzalisha kulingana na mto ulivyoamka siku hiyo.

Hospitali ya Tenwek, iliyoanza mwaka 1937 kama kituo cha wamisionari, ililielewa jambo hili kabla ya wengi. Karibu nayo Nyangores huanguka kwenye maporomoko, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 hospitali imekuwa na mtambo wake wa kuzalisha stima kutokana na maji hayo. Chumba cha upasuaji hakiwezi kungoja fundi apande nguzo. Lakini hata mtambo huo unafundisha: maji yaleyale yanayozungusha mtambo hupungua kiangazi na huleta matope masika, kwa hiyo chanzo kimoja hakitoshi hata kikiwa chako. Zahanati ndogo ya wadi haina maporomoko. Ina friji ya chanjo. Kamati ya zahanati iulize maswali matatu tu kabla ya Machi: friji hiyo itadumu saa ngapi stima ikipotea, kuna paneli ya sola au la, na nani ana jukumu la kuhamisha chanjo, kwa chombo gani, kwa barabara ipi.

Upande wa pili wa Afrika Mashariki, Kasese nchini Uganda, hospitali ya Kilembe ilijengwa kando ya mto Nyamwamba. Mei 2020 mto huo ulifurika ukaingia wodini na kuiharibu vibaya. Dar es Salaam nayo iliweka karakana ya mabasi yaendayo haraka katika bonde la Jangwani, ambalo hata jina lake halijawahi kulizuia lisijae maji, na mafuriko yameyakuta mabasi humo zaidi ya mara moja. Katika hali zote mbili maji hayakuvamia popote. Yalirudi njia yake. Kaunti inapotangaza kiwanja cha soko, shule au zahanati mpya karibu na mto, mkutano wa hadhara ndio mahali pa mzee aliyeishi pale miaka 60 kusimama na kuonyesha maji yalifika wapi. Ushahidi wake ni vipimo.

Kwa familia yenye mgonjwa au mama mjamzito, matayarisho ni ya nyumbani. Anayetarajia kujifungua Aprili au Mei na anakaa ng'ambo ya kijito kisicho na daraja imara ahamie kwa jamaa aliye karibu na hospitali ya Longisa, Tenwek au kituo kingine wiki mbili tatu mapema. Mwenye kisukari au shinikizo la damu aombe dawa za wiki kadhaa zaidi kabla mvua haijashika. Namba ya mwenye gari au bodaboda anayeijua njia ya juu iandikwe ukutani, si kwenye simu pekee, maana simu hufa stima ikikosekana.

Na mto ukipita juu ya daraja, usivukwe. Maji ya kina cha sentimita 30 yanayokwenda kasi huweza kulinyanyua gari dogo. Ya sentimita 60 hulichukua hata kubwa zaidi. Desemba 4, 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka mto Enziu karibu na Mwingi, watu wakitazama kutoka ukingoni. Zaidi ya 30 walikufa. Tope huficha kama daraja bado lipo, na dereva mzoefu halioni zaidi ya mgeni.

Baada ya yote hayo kuna kazi ambayo jembe haliiwezi: kubadilisha bomba la sentimita 60 kuwa la 90 au mawili, kujenga gabioni, kuinua daraja. Hiyo ni pesa ya umma, na pesa ya umma ina mwenyewe na ina tarehe. Swali la kwanza ni barabara ni ya nani. Barabara kuu ya Narok–Bomet–Kaplong ni ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa. Baadhi ya zinazounganisha vituo vya vijijini ziko chini ya KeRRA, mamlaka ya barabara za vijijini. Nyingi zilizobaki, zikiwamo zile za kwenda kwenye vituo vya majani chai, ni za kaunti. Barua iliyopelekwa kwa asiyehusika hupotea bila mtu kuwa na hatia. Asiyejua ni ya nani aulize kwa maandishi: Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21, na ndani ya saa 48 ikiwa habari hiyo inahusu uhai wa mtu. Ikinyamaza, Tume ya Haki ya Utawala hupokea malalamiko.

Barua yenyewe iwe fupi. Mahali, picha mbili, siku ambazo barabara ilikatika mwaka uliopita, idadi ya kilo zilizokwama kwa mujibu wa karani wa kituo, shule na zahanati inayotegemea njia hiyo, na ombi moja tu. Barua yenye maombi kumi haijibiwi hata moja. Ipelekwe kwa afisa wa wadi, nakala kwa mwakilishi wa wadi, na mtu achukue muhuri wa kupokelewa. Bomet ina wadi 25, na katika kaunti zilizoingia mpango wa ufadhili wa tabianchi wa FLLoCA, wadi zina kamati za kupanga miradi ya kukabili mabadiliko ya tabianchi. Wanakijiji wengi hudhani kamati hizo ni za kugawa miche. Miche ni mizuri, lakini kalvati na chemchemi iliyokingwa zina haki hiyo hiyo ya kuombewa fedha.

Katika mikutano ya bajeti, mkazi apiganie fungu la matengenezo. Ndilo fungu linalokatwa kwanza kwa sababu halina jiwe la msingi wala utepe. Barabara mpya ya kilomita tatu isiyotengewa hata shilingi ya kuzibulia mitaro ni barabara ya miaka miwili, na anayeishangilia anashangilia deni.

Tarehe za kuweka ukutani kando ya namba ya bodaboda ni hizi. Mpango wa maendeleo wa mwaka lazima ufike katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Waraka wa mkakati wa fedha hufika kufikia Februari 28, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, na bajeti hupitishwa kabla ya Juni 30. Aprili 30 kalvati huwa imeshakatika na kila mtu ana hasira, ila kwa mwaka huo orodha ya miradi huwa imeshafungwa. Barua ya daraja iandikwe Julai, picha za Mei zikiwa bado zina tope, ili ifike mezani kabla ya Septemba 1.